Nilisema Satelite, Sikusema Satani

Mpendwa uliyekuwa mchumba wangu,

Neno "mpendwa" lisikutishe. Barua lazima ianze mahali. Nilijaribu "Citoyen Professeur", yaani mwananchi profesa, nikaona linanifanya niandike kama mtu anayeomba kazi, na mimi kazi ninayo. Nina duka la mabati na misumari pale soko la Kadutu, na siku ukipita Bukavu ukatazama milimani wakati wa jua, nyingi ya paa utakazoona zikimeta zilipita kwanza mikononi mwangu. Nikisimama mbele ya nyumba bila paa nakwambia inahitaji mabati mangapi, na fundi akipima anapata hesabu ileile. Duka hilo nililijenga mwenyewe. Nakueleza hivyo mapema ili usifikiri naandika kwa njaa.

Naandika kwa sababu Jumamosi iliyopita nilikusikia kwenye redio.

Ilikuwa baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa. Watu walikuwa wamemaliza kuzibua mifereji ya mtaa, majembe yana matope bado, na saa kama ile wateja wangu huingia kununua nusu kilo ya misumari na kukaa kama waliokuja matanga. Papa alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Tangu Mama afariki anaishi kwangu, na kila asubuhi anashuka nami dukani, eti kulinda. Redio ilikuwa wazi kwenye kile kipindi ambacho wasikilizaji wanaandika maswali na watu wa masomo wanajibu. Mtu mmoja wa kijiji cha Miti alikuwa ameandika kwamba jioni wanaona mwanga unavuka mbingu juu ya mashamba yao, bila sauti. Akina mama wanaingiza watoto ndani. Wengine wanasema ni ndege ya mamluki, wanarudi. Wengine wanasema ni zile sahani zinazoruka, zenye watu wasiojulikana wanatoka wapi. Je, wakubwa wanajua?

Mtaalamu akajibu, na sauti yake sikuijua. Ile sauti yako ya kwenu Walungu umeiacha huko njiani, sasa unaongea Kiswahili kama mtu anayetafuna kwanza. Lakini ulieleza vizuri, siwezi kukunyima haki yako. Ulisema kitu kinachopita saa ya giza la kwanza, hakipepesi, hakina sauti, kinakwenda mwendo mmoja bila haraka, halafu kinazimika kabla ya kufika mlimani, kitu hicho si ndege wala sahani wala mzimu. Ni satelite. Ni chuma kilichorushwa na watu. Kiko juu sana, kiasi kwamba jua lililokwisha kutuacha sisi huku chini bado linakimulika chenyewe, na kinapozimika, kimeingia tu katika kivuli cha dunia.

Fundi Bisimwa, mwashi aliyekuwa amekuja kuchagua mabati, akasema, "Kumbe. Tunakimbiaka chuma."

Tukacheka.

Halafu ukaongeza kisa, kama watu wa redio wanavyopenda. Ulisema wewe mwenyewe ulipokuwa kijana ulikwenda kuposa hapa Bukavu, na wakati msichana amepiga magoti na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mkononi, mwanga kama huo wa Miti ukapita. Ulisema: "Yule msichana, masikini, hakuwa amesoma sana. Akapiga kelele kwamba ni Satani. Mimi nikawaambia wazee, tulieni, ile ni satelite. Nani atamsikiliza kijana? Baba yangu mdogo akafungua ng'ombe, tukarudi. Mnaona, wasikilizaji, nilikosa mke kwa ajili ya chuma."

Nataka ujue jinsi nilivyokisikia kisa hicho, kwa sababu hapo ndipo haya yangu mpya ilipo. Mtu aliyepaza kelele za Satani mbele ya posa alinichekesha. Nilikuwa nimeinama nikipima misumari, na kichwa kilikuwa kwenye mizani, sikusikia kibuyu wala kasiksi, nilisikia "Satani" na "ng'ombe" tu. Nilimcheka msichana yule kwa sauti kubwa kuliko wateja wangu wote. Nilishika meza ili nipumue. Vicheko vyao vilikuwa vimekatika kimoja kimoja, changu kikabaki peke yake. Bisimwa alikuwa ananiangalia.

"Maman," akasema polepole, "ule mutoto si njo wewe?"

Nilikwenda nyuma ya duka nikajifanya natafuta karai.

Kwetu tunasema mtu "anasikia" haya, hatusemi anaiona. Nimeishi na neno hilo miaka yote hii bila kulifikiria. Inaingia kwa masikio, kweli. Na wewe kuhusu masikio unajua mengi.

Nirudi mtaa wa Nguba basi, kwa sababu kama hujasahau ng'ombe hujasahau Nguba.

Ulikuwa umerudi likizo kutoka chuo kikuu, umefikia kwa kaka yako chini karibu na ziwa. Mimi nilikuwa nashona kwenye karakana ya masista. Jioni ulikuwa unanisubiri kwenye kona, umevaa ile suti ya abacost ya rangi ya majivu uliyoiazima kwa kaka yako na iliyokuwa imekushinda mabega, na tulipanda pamoja kuelekea Kadutu tukisimamasimama kama wazee wenye pumu. Siku ya kwanza tulipouona ule mwanga tulikuwa tumesimama pale barabara inapogeuka na ziwa linaonekana lote. Mimi nilipouona nilikushika mkono. Ndiyo mara ya kwanza kukushika mkono, na haikuwa mapenzi. Nilikuwa mtoto wa vita vya mamluki, tulilala chini ya kitanda cha Mama huku ndege zikipita, na tangu hapo kitu chochote kinachotembea mbinguni tumbo langu lilikijua kabla ya macho.

Hukunicheka. Hilo nalikumbuka, na ndilo lililonipoteza. Uliniacha nikushike, ukaniuliza taratibu, kama katekisimu:

"Inapepesa?"

"Apana."

"Unasikia sauti?"

"Apana."

"Inaenda mbio, inasimama, inageuka?"

"Inaenda tu."

"Ngoja sasa, usifunge macho."

Tukangoja. Ikaenda, ikaenda, halafu katikati ya mbingu, bila wingu lolote, ikafifia na kwisha. Ukasema, "Njo satelite, sha. Usiogope tena." Ukanieleza kivuli cha dunia kwa kutumia hindi la kuchoma na taa ya mama aliyekuwa anauza mahindi pale, mpaka mama yule akasema kama hatununui tumuachie taa yake.

Baada ya hapo jambo hilo likawa mchezo wetu. Tukiiona, unauliza, najibu, na mwisho unasema "Basi iko nini?" nami nasema "Satelite." Uliniambia kinazunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu hivi. Nikapiga hesabu nikakwambia, basi nikianza kushona shati moja la mtoto wa shule na kulimaliza, chenyewe kimekwenda na kurudi. Ulisimama barabarani ukacheka. "Njo maana nakupenda," ukasema. "Unageuza mbingu kuwa mashati." Nilikuuliza kwa nini basi baada ya shati hatukioni tena juu ya Nguba. Ukasema kwa sababu dunia nayo inageuka, kikirudi sisi tumekwisha kusogea. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza kitu namna hiyo, bila kunifanya mjinga. Nilisoma mpaka la sita tu, na wewe uliniongelesha kama mwenzako wa chuo.

Kwa hiyo nilijua. Siku walipokuja watu wako, katika lupango lote la Papa, ua wetu mzima, tulikuwa watu wawili tu tunaojua jina la kitu kile. Mimi, na wewe uliyenifundisha.

Walipaswa kufika mchana. Barabara ya Walungu ilikuwa imeliwa na mvua, camionnette iliyowabeba ikakwama, wakaingia kwetu kuku wanapanda kulala. Papa alitaka tuahirishe. Tonton Murhula, baba yako mdogo, aliyekuwa msemaji wenu, akasema ng'ombe aliyekwisha kuiona barabara ile mara moja hataiona mara ya pili. Tukacheka wote. Nilimpenda Tonton siku hiyo, nakwambia kweli. Alikuwa katekista, mtu wa utani na wa rozari, na alimsifu Mama kwa kasiksi yake mpaka Mama akaficha uso. Maneno yalikwenda vizuri. Idadi ya ng'ombe ilikubaliwa bila mtu kusimama. Wakaniita.

Unajua kanuni. Binti anatoka ameinamisha kichwa, anapiga magoti, anaonja, anampa aliyemchagua, na akinywa, imekwisha. Katika hayo yote binti hasemi. Anaulizwa tu kama anawajua wageni hawa, anajibu ndiyo. Nikaonja. Nikainua kibuyu kwako. Mikono yako ilikuwa imekwisha kutoka kwenye magoti yako kukipokea.

Mtoto wa jirani akapiga kelele, "Ndege!"

Watu walisimama. Wale wa umri wa Tonton waliangalia kwanza mahali pa kukimbilia, kabla ya kuangalia juu. Mwanga ulikuja ukitokea upande wa ziwa, uleule, bila sauti, ukapita juu ya migomba, na ulipofika juu ya paa letu ukafifia, ukaisha. Mimi bado nimepiga magoti, kibuyu kiko juu.

"Imezimika juu ya nyumba," alisema Tonton Murhula, na hakuwa na utani tena.

Shangazi yako akasema, "Nyota yenye kuhama. Muke wa nyumba kama hii hatakaa."

"Ngojeni," akasema Tonton. Akakwambia wewe, "Usikunywe kwanza."

Ukarudisha mikono yako.

Nilingoja useme. Nilikutazama kwa chini, kama inavyoruhusiwa. Ulikuwa unatazama kibuyu. Kibuyu kilizidi kuwa kizito, na nikafikiri, kama hasemi sasa hivi, nyumba ya Papa inatoka hapa na sifa ya msiba. Basi nikafungua mdomo. Nilisema kwa adabu, kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa: "Tonton, ile ni satelite."

"Anasema nini?"

"Anasema ni Satani," akajibu shangazi yako.

"Satani?"

"Satani njo amezima nyota. Yee mwenyewe amesema."

Neno hilo likatembea mdomo kwa mdomo mpaka kwenye ng'ombe. Nilisema tena, kwa nguvu, "Satelite! Sa-te-li-te!" na kadiri nilivyolikata neno vipandevipande ndivyo lilivyozidi kufanana na mtu anayemwita yule mwingine. Wanawake walifanya ishara ya msalaba. Msichana amepiga magoti, kibuyu mkononi, jioni, analiita jina la Shetani mbele ya katekista. Hata mimi ningekuwa mgeni ningeogopa.

Nampa Tonton haki yake. Hakukimbilia. Alinyamazisha watu kwa mkono, akakugeukia. "Weye njo mutoto wa masomo. Na ulikuwa karibu yake. Amesema nini?"

Ulikuwa karibu kiasi kwamba povu la kasiksi lilipomwagika lililowesha kiatu chako, si changu.

Ukasema, "Sikusikia muzuri, Tonton."

Maneno matatu. Hukusema uongo mkubwa, hukunitukana. Nimeyapima maneno hayo kuliko nilivyopima bati lolote, na kila mara nayakuta madogo. Najua Tonton ndiye aliyekuwa anakulipia masomo. Najua kijana hamsahihishi mzee wake mbele ya wakwe. Hayo yote nimeyaweka upande wako wa mizani, usifikiri sikuyaweka. Lakini ulikuwa unahitaji kusema neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa lako.

Mama ndiye aliyenitoa kibuyu mikononi. Alikwenda kukimwaga nyuma kwenye migomba, na nilisikia kinavyomwagika, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anaongea. Ng'ombe wenu alikataa kupanda gari. Alikuwa amelipenda lupango letu, yule, peke yake katika ukoo wenu.

Watu wako walipokwisha kuondoka Papa aliniita.

"Ulisema nini mbele ya bageni?"

"Nilisema satelite, Papa."

"Ile iko nini?"

"Ni chuma, kinazunguka huko juu."

"Nani alikuambia?"

"Yeye."

"Yeye anasema hakusikia."

Basi. Papa hakuniuliza tena, siku ile wala nyingine. Na mimi nilijua alichofikiri: kwamba nimebuni neno ili kufunika neno lingine.

Yaliyofuata ungeyajua kama ungeandika hata mara moja. Watoto wa mtaa walinifuata wakiimba. Sista mkubwa wa karakana, mtu mwema, aliniambia nipumzike kwanza mpaka maneno yapoe, na sikuitwa tena. Nilianza kuuza misumari kwenye gunia kando ya njia, na wanunuzi wakaelekezana: nenda pale kwa Satani. Nilipopata kibanda, kwa Satani. Nilipopata duka, kwa Satani. Mafundi wananitania mbele yangu, "Bati ya kwa Satani haivuji, hata mvua inaogopa." Nami nacheka na kuwafungia mzigo, kwa sababu mteja ni mteja. Lakini kanisani nakaa nyuma. Padri mpya alipouliza katika jumuiya yetu nani atamsaidia kukadiria mabati ya paa la kanisa, mzee mmoja akasema, bila ubaya wowote, "Satani anajua," na mimi ndiye niliyesimama. Nilisikia haya mpaka kwenye kucha. Nikalikadiria paa, na hesabu ikatoka sawa.

Wanaume walikuja wawili. Mmoja aliogopa jina, mwingine alilipenda mno. Niliwaacha wote wawili.

Sasa Jumamosi. Nilifunga duka mapema. Kupanda nyumbani sikumshika Papa mkono kama ninavyofanya kwenye ile ngazi ya mawe, nilikuwa nimechukia bila kujua namchukia nani. Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Ningemwambia: Papa, umesikia sasa kwamba neno lipo? Nilitaka kitu hicho kimoja kutoka kwake kabla hajaondoka duniani, kwamba anijue nilisema kweli. Duka, nyumba ya matofali niliyomweka, godoro lake, vyote hivyo nilikuwa nampa nikingoja aseme. Na redio imempa ukweli wangu, lakini kwa mdomo wako, na mimi ndani yake nimekuwa masikini asiyesoma.

Nilikuwa nakoroga fufu alipoanza mwenyewe.

"Neno iko," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Satelite."

Mwiko ulinisimama. Papa mpaka leo hawezi kutamka jina la dawa yake ya presha. Anasema "ile ya rose", kwa rangi ya vidonge. Na hilo alilisema lote, bila kujikwaa, kama jina la mtoto wake.

"Umelijuaje vizuri hivyo?"

Alikuwa anafuta magoti yake kwa mikono, kama kuna vumbi.

"Nililisikia siku ile. Nilikuwa nyuma ya ule katekista wao. Ulisema satelite. Haikuwa Satani."

"Papa. Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema nini? Neno sikulijua. Bageni wako kwangu, ng'ombe amefungwa. Nilisema, mwenye masomo atasema, ni neno ya masomo ile. Nilimungojea. Yee aliposema hakusikia, na mimi masikio yangu yakafuata ya kwake."

"Halafu ukaniita kuniuliza."

"Nilikuuliza ili useme Satani. Ungesema Satani, ningekasirika muzuri. Ukasema tena ile ingine." Akafuta magoti tena. "Ile njo ilinishinda. Toka siku ile nasikia haya mbele yako, mama. Kila asubuhi naenda kukaa pale ku duka yako, mutu akisema kwa Satani, nasema moyoni, sema leo, muzee. Na sisemi."

Kumbe kulinda kwake ndiko huko. Nilikuwa nafikiri analinda misumari.

Sikujua nifanye nini na uso wangu. Hasira yangu yote ilikuwa imepangwa kwa ajili yako. Nilikuwa nimekuwekea yote wewe, kwa miaka, nikijua yuko mtu mmoja tu aliyesikia na kunyamaza. Sasa wako wawili, na mmoja anakula fufu yangu na hana meno ya kutosha. Niligeukia moto. Nilisikia haya kwa ajili yake, na kwa ajili yangu, kwamba nilimlisha mzee wangu miaka yote hiyo kama mtu anayelipa ili aaminiwe. Na katikati ya hayo, usicheke, nilisikia haya ya kumcheka yule msichana. Kati yetu sote tuliokuwa pale, yeye peke yake alifungua mdomo. Na mimi nimemcheka mbele ya wateja.

Tulikula. Baadaye nikamwambia Papa nitakuandikia, kwa njia ya kipindi kilekile, isomwe kama walivyosoma ya mtu wa Miti. Nilimwambia ili asishtuke. Nilikuwa nimeamua kumwacha nje. Kwa redio ningesema wewe tu. Akaniuliza, "Utaandika na yangu?"

"Apana, Papa. Yako ni ya nyumbani."

"Uniandike," akasema. "Usiniache inje kama ule amekuacha."

Kwa hiyo nimemwandika. Haikuwa rahisi, mkono ulikuwa unarudi nyuma. Yuko hapa karibu nami, nimemsomea kila sehemu kabla ya kuendelea, na amenisahihisha mahali pamoja tu: anasema si kweli kwamba kila mtu alinyamaza kibuyu kilipomwagwa, yeye alikohoa. Nimeandika alivyosema. Nilipofika kwenye maneno yake ya jikoni alinifanya niyasome mara mbili, mara ya pili akiwa ameangalia dirishani.

Sikuombi uje. Umri wa kupokea kibuyu umetupita, na ng'ombe yule amekwisha kuliwa zamani. Nakuomba jambo moja ambalo ni jepesi kwa mtu wa kazi yako. Siku nyingine mtu wa Miti au wa Walungu akiuliza mwanga ule ni nini, mjibu vilevile, vizuri, bila kumfanya mjinga, kama ulivyonijibu mimi pale kwenye kona. Kuogopa siyo ujinga, sisi tulikwisha kuona ndege zilizokuja na vita. Na ukitaka kutia kisa changu ndani, tia. Lakini usiseme mimi nililia Satani. Sema aliyekitaja kitu kwa jina lake alikuwa msichana, amepiga magoti, na mikono yake imejaa. Ukifika kwenye sehemu yako, sema ulivyosema siku ile, au nyamaza. Lolote utakalochagua nitalisikia. Redio huwa wazi.

Betri za redio nimebadilisha leo, na Papa anadai asikilize mwenyewe, mlangoni, sauti juu, watu wa soko wakiwepo.

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia. Lakini Papa anasema barua haiishi namna hiyo, mtu haulizwi neno zito kisha akaachwa barabarani bila salamu. Mimi nisingeiandika hii, nakwambia wazi, ni yeye anayesema na mimi naandika: anakusalimu sana. Anauliza kama una watoto. Anasema anajua ilivyokuwa vigumu siku ile, kwa sababu alikuwa pale, na kwamba Kinshasa unakoishi ni mbali, ujitunze.

Kwaheri,

Aliyekuwa mchumba wako,
Kadutu, Bukavu